Naomba ushauri: njegere za wanafunzi wangu zinaoza badala ya kuota

Habari zenu ndugu zangu. Nafundisha biolojia sekondari hapa Arua, Uganda, na nimekwama.

Tulinunua njegere kavu sokoni, za kutoka Kabale. Tukaloweka 40 kwa siku mbili, tukazipanga juu ya pamba yenye maji ndani ya vikombe. Siku ya tano zilikuwa zimeota 11 tu. Nyingine ukizibonyeza zinatoa uteute mweupe wenye harufu ya uchachu, na pamba imeshika kuvu. Msichana mmoja alikuwa akipima kamzizi kake kwa rula kila asubuhi. Alipoukuta mzizi huo umekuwa mweusi alinyamaza kabisa, na iliniuma.

Nashuku tuliloweka muda mrefu mno, mbegu zikakosa hewa. Je, saa 8 hadi 12 zinatosha? Na joto la huku je, maana njegere hupenda baridi?

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Nataka waone wenyewe alichokiona Mendel, mtawa aliyechunguza urithi wa sifa kwa kuchavusha njegere za mbegu laini na za makunyanzi: katika kizazi cha pili alihesabu mbegu laini 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, karibu tatu kwa moja. Lakini muhula wetu ni miezi mitatu, na njegere hazifikishi vizazi viwili humo. Kuna aliyewahi kutumia mmea wa haraka zaidi? Au niwape maharage ya rangi mbili, kila rangi ikiwakilisha sifa moja, wachote mawili mawili bila kutazama na kuhesabu? Naogopa wataona ni mchezo tu.

Mwenye uzoefu anisaidie, tunapanda upya Jumatatu.