Naomba ushauri: kuhamisha kanda za MiniDV kwenye kompyuta

Wakuu, habari za leo. Niko Dodoma, nina kanda sita za MiniDV (zile kanda ndogo za kamera ya video ya dijitali) za harusi ya dada, Kondoa 2005. Kwenye kioo cha kamera picha ni safi, hadi maua ya kanga za mashangazi yanaonekana. Nikihamisha kwa kile kifaa cha USB chenye nyaya za njano, nyeupe na nyekundu, rangi zinafifia, na anayecheza anatoka mistari kama meno ya kitana. Nimesafisha hedi (kichwa cha kamera kinachosoma kanda), nimebadili waya, wapi!

Kamera ina tundu la FireWire (la waya wa kupeleka video ya dijitali moja kwa moja kwenye kompyuta), laptopu haina. Nikiweka kadi ya FireWire kwenye kompyuta ya mezani ya zamani, nitapata picha ileile ya kwenye kanda? Na mistari hiyo niiondoe wakati wa kuhamisha au baadaye? Diski ninayo, najua saa moja ya video inakula kama GB 13.