Nimeambiwa "Mwalimu, rudi kwenye chaki" mbele ya mke wangu, kwa sababu nataka kuongeza paneli mbili mwenyewe

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Wanajukwaa, nawasalimu, ingawa leo sina salamu ndefu. Natoka dukani kwake sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Simtaji, kwa kuwa kila aliyewahi kununua hata balbu ya sola hapa mjini anamfahamu: ni yule anayeketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki na kudhani kwamba jua huchomoza kwa kibali chake.

Nina paneli mbili za wati 100 kila moja, zilizounganishwa sambamba, kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri) ya ampea 20 na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200. Tangu ukungu wa Juni utufunike hapa Njombe, umeme unakata saa tatu usiku, watoto wakiwa bado na madaftari mezani. Kwa hiyo nimenunua paneli nyingine mbili za aina ileile, na nimekusudia kuzipandisha mwenyewe. Hesabu nilikwisha kuipiga: kila paneli hutoa hadi karibu ampea 6 jua likiwa kali, nne zikiwa sambamba zinafika ampea 24, na kontrola yangu haiwezi kuzihimili. Nilikwenda kwake kununua kontrola ya ampea 40. Hicho tu, na pesa nilikuwa nimeishika mkononi.

Kabla sijamaliza kusema, akauliza ni fundi gani atakayefunga. Nikamjibu kwamba nitafunga mwenyewe. Akacheka kicheko kilichofika stendi, abiria wakageuza shingo, kisha mbele ya mke wangu, mbele ya wateja wanne, na mbele ya kijana niliyemfundisha fizikia kidato cha tatu, akasema: "Mwalimu, rudi kwenye chaki. Umeme una wenyewe."

Rudi kwenye chaki! Kijana yule nilimfundisha mimi kwamba vyanzo vikiunganishwa sambamba volti hubaki ileile na ampea hujumlishwa, naye alisimama pale akitazama viatu vyake kwa aibu iliyokuwa yangu. Mke wangu hajasema neno tangu tupande bodaboda. Chai imepoa mbele yangu, na masikioni sina kingine ila chaki, chaki, chaki. Mbele ya mwanafunzi wangu! Kontrola sikuinunua.

Mkulima wa Parachichi

Pole sana, Mwalimu. Mimi nilipomwomba waya wa mita 10 aliniuliza kama nataka kumwagilia paneli ili zizae. Mtu huyo angeweza, angetuuzia kivuli chake kwa bei ya rejareja.

Fundi Mstaafu

Mwalimu, umetukanwa na hilo halina ubishi. Hata hivyo, umeandika aya nne bila kutaja waya. Kutoka darini hadi kwenye kontrola umetumia waya gani, na ni mita ngapi?

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Ni ule wa zamani, wa milimita 2.5 za mraba, mita 12. Lakini, mzee wangu, hakuniuliza habari ya waya. Alisema nirudi kwenye chaki.

Fundi Mstaafu

Sasa pokea hesabu nyingine. Ampea 24 zikipita mita 12 kwenda na 12 kurudi katika waya huo, unapoteza karibu volti 4 njiani. Paneli yako hufanya kazi kwenye volti 18 hivi, na betri inataka zaidi ya 14 ili ijae, kwa hiyo unabaki ukingoni kabisa, na paneli zikipata joto volti zake hushuka zaidi. Umenunua paneli mbili ili upashe waya moto. Weka waya wa milimita 6 za mraba, hasara itashuka hadi chini ya volti 2. Tena kila paneli iwekee fyuzi yake, kwa kuwa moja ikipata hitilafu, zile tatu zitaisukumia ampea 18 kinyumenyume, na nyaya zake hazikutengenezwa kwa mzigo huo.

Kijana wa Makambako

Kumbe Mwalimu amesahihisha daftari la mwenye duka na la kwake hakulifungua! Sheria ya Ohm uliifundisha, waya ukausahau.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Waya nimeukubali na fyuzi nimezikubali, na kesho nitavitafuta katika duka jingine. Laiti angeniambia hayo ningemshukuru mbele ya wateja walewale. Hakuniambia lolote kati ya hayo. Alicheka.

Mama Vifaranga

Ninyi mnalilia maneno, mimi nalilia mali. Kwake yeye huyohuyo nilinunua paneli yenye lebo ya wati 300. Ina urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 67. Betri ya banda haijawahi kujaa, na vifaranga wamekufa kwa baridi huku lebo ikiendelea kung'aa.

Fundi Mstaafu

Mama, hiyo haiwezi kuwa ya wati 300. Jua kali la adhuhuri huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu moja ya tano kuwa umeme. Eneo la paneli yako ni kama theluthi mbili tu za mita ya mraba, hivyo tarajia wati 130 au 140, tena ikiwa ni nzima.

Mkazi wa Makete

Afadhali yako ilifika nzima. Yangu ilitoka Dar es Salaam kwenye buti la basi, chini ya magunia, na kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Kondakta ananiambia mzigo wa kioo hauna fidia. Je, bado inafaa?

Fundi Mstaafu

Inaweza kutoa umeme kwa muda, lakini maji yataingia, yatakula viungo, na fremu inaweza kukurusha. Usiipandishe darini.

Mwalimu wa Nyanda za Juu

Ndugu zangu, nilikuwa naeleza habari ya chaki.

Mama Vifaranga

Mkazi wa Makete, risiti ya mzigo unayo? Mimi basi hilohilo lilinivunjia inkubeta mwezi uliopita, na nikimpata mwenzangu mwenye risiti tutakwenda ofisini kwao pamoja.