Tupeane uzoefu: msamiati wa Kiingereza kwa wanaosoma fasihi (kidato cha tano na sita, michepuo ya HKL na HGL, na chuo)

Wakuu, mwenye njia iliyomsaidia aiweke hapa hatua kwa hatua. "Soma sana" tumeshaisikia.

mkwaju: Usimeze kamusi. Soma kurasa mbili za riwaya bila kusimama, ukipigia mstari kila neno linalokukwamisha. Rudi uchague matano tu, yale yanayojirudia au yanayobeba hisia za tukio. Kila neno na kadi yake: mbele sentensi nzima ya kitabuni yenye pengo, nyuma neno, maana kwa Kiingereza chepesi na sentensi uliyotunga. Kadi yenye neno na tafsiri tupu haikai kichwani, na hata ikikaa hujui neno linaandamana na yapi. Pitia siku ya 1, 3, 7, 14 na 30. Ukikosa, kadi inaanza upya.

mpenda_mizizi: Naongezea mizizi ya Kilatini. Ukishika *loqui*, yaani kusema, unapata *eloquent*, *loquacious*, *colloquial* na *soliloquy* kwa mkupuo. Ila mzizi haukuambii kama neno linasifu au linalaumu: *eloquent* anajua kuzungumza, *loquacious* ana maneno mengi. Weka + au − kwenye kadi. Hapo ndipo insha nyingi zinapoharibika: mtu anamwita shujaa *notorious* akidhani ni *famous* iliyokolea, kumbe ni kuvuma kwa ubaya.

tamthilia: Kwenye vitabu vya zamani, ogopeni zaidi maneno mnayodhani mnayajua, maana hayo hamyatafuti. Kwa Shakespeare *presently* ni sasa hivi, *fond* mara nyingi ni mpumbavu, *wherefore* ni kwa nini, wala si wapi. Kwenye riwaya za karne ya 19 *want* mara nyingi ni ukosefu. Kamusi ndogo ya mwanafunzi hapo haitoshi. Someni tanbihi za toleo la shule, au Oxford English Dictionary, inayopanga maana kihistoria na kuweka nukuu zenye mwaka.

ubeti: Kwa ushairi, panga maneno ya hisia kwa familia. *Wistful* ni huzuni ya kutamani kilicho mbali au kilichopita, *mournful* ni ya msiba, *despondent* amekata tamaa. Kabla hujaliandika kwenye insha, onyesha mshororo uliokufanya ulichague. Usipouona, andika *sad* na uendelee.