Misri ya zamani ilianzia wapi kabisa, na sisi batu ba Kivu tunahusika wapi?

Mwalimu_Himbi (Goma)

Jambo yenu bandugu. Nafundisha historia mu segondari hapa Goma, na tangu tuanze somo ya Misri ya zamani batoto habanipe nafasi ya kupumua. Mumoja anasema piramidi zilijengwa na viumbe benye balitoka ku nyota, mwengine anasema ni Baarabu, mwengine pasta wake alimuhubiria kama Baisraeli njo balizijenga bakiwa batumwa, na kuko kijana mumoja wa nyuma kabisa ya klasi, mwenye akili sana, anasimama anasema mwalimu, bankambo betu njo Bamisri benyewe, kisha balishuka huku na ngombe zao. Vitabu bya shule byenye tuko nabyo ni bya kale: Farao, mumia, mto Nili, ukurasa tatu inaisha, na juu ya ule mwanzo wenyewe hakuna ata mustari moja.

Sasa nauliza benye banajua. Mbele ya Farao wa kwanza kulikuwa nani pale, na balitoka wapi? Na uhusiano wao na sisi ba huku ni upi kwa ukweli, ju sitaki niwaambie batoto kitu ju tu inatufurahisha.

dada_Kadutu (Bukavu)

Mwalimu asante, na unaiuliza vizuri, ju batu mingi banaanziaka ku piramidi sawa vile Misri ilishuka toka mbinguni ikiwa tayari. Mimi nakuomba uanze na Sahara.

Miaka kama elfu kumi mpaka elfu sita yenye ilipita Sahara haikuwa jangwa, mvua ilikuwa inanyesha, kulikuwa maziwa na majani, batu banachunga ngombe banavua samaki mu fasi zenye leo ni muchanga tupu. Kusini ya Misri kuko fasi inaitwa Nabta Playa, karibu kilometa 100 mangaribi ya Abu Simbel, pale bachimbaji balikuta ngombe zilizikwa kwa heshima sawa mutu, na mawe yalisimamishwa kwa duara. Ile yote ni mbele ya piramidi kwa miaka elfu mbili na zaidi! Kisha mvua ikarudi kusini pole pole, malisho yakakauka, na kufikia karibu 3500 mbele ya Yesu Sahara ilikuwa karibu kama tunavyoijua. Bale batu bakaenda wapi? Bengine kusini, bengine bakasogea ku mto ju maji ilibaki pale, na pale ku mto bakakuta batu bengine benye balikuwa banaishi tangu zamani. Tena tusifiche kitu: ngano, shayiri, kondoo na mbuzi vilitoka Asia ya mangaribi, na mu kaskazini ya Misri, ku Fayum na Merimde, batu balikuwa banalima na kufuga tangu karibu 5000 mbele ya Yesu.

Sasa angalia kusini, ile banaita Misri ya Juu. Kuanzia karibu 4400 mbele ya Yesu unakuta utamaduni wa Badari, na vyungu vyao vyekundu vyenye mudomo mweusi, vyembamba, vinang'aa, mimi niliviona mu picha tu na bado vilinishika moyo. Nyuma yake, karibu 4000, inakuja Naqada, na pale mambo yanaenda mbio: miji inakua, ufundi, biashara, bakubwa banazikwa na mali kuliko bengine. Ku Abydos kuko kaburi moja banaipa jina U-j, ya karibu 3200, Mujeremani Günter Dreyer aliifungua mu 1988 akakuta vibao vidogo vya mifupa na pembe ya tembo vyenye alama zimechorwa, na zile ni kati ya maandiko ya zamani kabisa ya dunia. Kisha karibu 3100 njo anakuja Narmer na inchi inakuwa moja. Ule utamaduni wa Naqada ulianza kusini ukaenda kaskazini mpaka ku Delta, pale mto Nili unaingia mu bahari, na ile njo kitu ningependa batoto bashike: ufalme ulichemka mu Afrika yenyewe, kando ya mto, kwa miaka zaidi ya elfu moja mbele haujaitwa ufalme.

Bazungu bengine ba zamani hawakutaka kukubali. Mwingereza Flinders Petrie alipochimba Naqada mu 1895 alizania yale makaburi ni ya taifa ingine yenye ilivamia Misri, kisha ikaonekana ni ya bale bale batu ba pale, ba mbele ya Farao. Lakini ile wazo ya "taifa ya kigeni ilileta ustaarabu" iliendelea kufundishwa miaka mingi sana, na inaniuma mpaka leo kuona inarudi ikivaa nguo ya viumbe ba ku nyota.

Ndosho_rive (Goma)

Namalizia juu ya piramidi ju dada ameshafanya kazi yote nguvu.

Ile kubwa ya Giza ni ya Farao Khufu, karibu 2560 mbele ya Yesu, ilikuwa na urefu wa metre 146 hivi. Mu 2013 Mufaransa Pierre Tallet na benzake balikuta papirusi (karatasi ya zamani ya majani) ku Wadi al-Jarf, pembeni ya bahari nyekundu, na ndani yake kuko daftari ya mukubwa mumoja wa kikundi cha batumishi, jina lake Merer, anaandika siku kwa siku vile banabeba mawe meupe toka machimbo ya Tura banavusha na mashua mpaka Giza. Daftari ya kazi kabisa, ya mutu mwenye aliifanya! Na karibu na piramidi balichimba mji wa bafanyakazi, fasi za kuoka mikate, mifupa ya ngombe na samaki mingi, na makaburi ya bale batumishi iko pale pale chini ya piramidi ya mfalme wao. Mutumwa asiye na bei hazikwake pale.

Na juu ya pasta: Biblia yenyewe, Kutoka 1:11, inasema Baisraeli balijenga Pithomu na Ramesesi, miji ya akiba, hakuna fasi inasema piramidi. Mwambie kijana akasome mustari na pasta wake, itatosha. Baarabu nao balifika mu Misri mu 639 kisha Yesu, piramidi ikiwa na miaka zaidi ya elfu tatu.

Mwana_wa_Rutshuru

Mimi naona munaogopa kusema wazi. Cheikh Anta Diop, mwana-historia mutoto wa Senegali, aliandika tangu 1954 kama Misri ya zamani ni ya Baafrika beusi, bakamucheka. Mu 1974 UNESCO ikaita bataalamu ku Kairo, Diop akaenda pamoja na Théophile Obenga, huyu ni mutu wa Kongo ya ngambo pale Brazzaville, babili balisimama mbele ya ma profesa ba dunia nzima na balikuwa bamejitayarisha kuliko bote, ata ripoti ya ule mukutano inakubali kama maandalizi yao bengine hawakuwa nayo. Mwalimu, hii batoto habaisikie mu klasi na ni haki yao.

Na Kushi je? Batu ba Napata, mu Sudani ya leo, mfalme Piye alipanda na jeshi lake akashika Misri yote karibu 730 mbele ya Yesu, bana-Kushi bakatawala sawa ma Farao mpaka Baashuri, taifa ya Mesopotamia (Irak ya leo), balipobafukuza. Taharqa ni mumoja wao na yuko mu Biblia, 2 Wafalme 19:9, "Tirhaka mfalme wa Kushi". Piramidi za Sudani kwa hesabu ni nyingi kuliko za Misri, lakini ni nani anazionyeshaka ku televizio?

dada_Kadutu (Bukavu)

Kaka yangu, hakuna mwenye anaogopa, na Diop tunamuheshimu, alivunja mulango wenye ulikuwa umefungwa na kufuli. Lakini fundisha na vyenye vilikuja kisha. Mu 2017 bataalamu balisoma ADN (DNA, yenye inaonyesha asili ya mutu) ya mumia za Abusir el-Meleq, ikaonekana beko karibu na batu ba Asia ya mangaribi, na batu bakaruka "basi Misri haikuwa Afrika". Ile ni kaburi ya fasi moja, ya kaskazini, na mumia zake ni za nyakati za mwisho mwisho, ni sawa upime damu ya avenyi moja ya Birere pale Goma kisha useme umejua Kongo yote. Mu 2025 ikatoka ingine, mutu mumoja alizikwa ndani ya chungu ku Nuwayrat, aliishi karibu na wakati wa piramidi za kwanza, na karibu asilimia 80 ya asili yake inaenda ku batu ba kale ba Afrika ya kaskazini, karibu 20 ku ngambo ya Mesopotamia. Huyu naye ni mutu mumoja. Ba kusini, ba Badari na Naqada, benye njo balianzisha mambo, bado tunangoja kusoma yao vizuri.

Kwa luga, bataalamu wengi banaweka Kimisri mu familia moja na Kiberberi, Kihausa, Kisomali, Kiarabu na Kiebrania, na matawi mengi ya hiyo familia iko Afrika. Obenga alipendekeza familia ingine, si wengi balimufuata.

Mzee_wa_Kibumba

Bana bangu, nawasoma tangu asubui na nafurahi sana, lakini ule kijana wa nyuma ya klasi ananipa wasiwasi na ninaomba mwalimu amujibu kwa upole.

Luga za Kibantu zilianza kutawanyika toka mupaka wa Nijeria na Kameruni, miaka kama elfu nne ao tano iliyopita. Wakati ule Misri ilikuwa tayari na bafalme, ao karibu. Hatukuhitaji kupitia kwa Farao ili tufike huku. Tena hii hadisi ya batu benye ngombe balioshuka toka kaskazini, mimi naijua ilitoka wapi. Musafiri Mwingereza Speke aliiandika mu 1863, mutaalamu Mwingereza Seligman akaiweka vizuri mu kitabu mu 1930, banaita "Bahamiti", yani kila kitu kizuri mu Afrika kililetwa na batu ba nje benye ngozi nyeupe kidogo, na bakoloni bakaitumia hapa kwetu, Rwanda, Burundi, Kivu, kupanga nani ni mwenyeji na nani ni mugeni, nani wa kutawala na nani wa kutawaliwa. Tumezika batu juu ya ile maneno. Kwa hiyo mutoto wa Goma akisema "sisi tulitoka Misri", muulize kwanza "sisi" ni nani na "bale bengine" ni nani.

Kama unatafuta uhusiano wa kweli, uko ku maji. Mvua yenye inaanguka ngambo ya kaskazini ya volkano inaingia mto Rutshuru, inaenda ku ziwa Edward, inatokea mto Semliki, ziwa Albert, kisha Nili mpaka Misri. Yenye inaanguka huku Goma inaingia ziwa Kivu, mto Ruzizi, ziwa Tanganyika, mpaka mto Kongo. Na pale Semliki inatokea mu ziwa, ku Ishango, Mubelji Jean de Heinzelin alichimba mu 1950 akapata ile mfupa yenye alama zilizokatwa kwa vikundi vikundi, ya miaka karibu 20,000, bengine banasema ni hesabu, bengine kalenda ya mwezi. Ku Katanda, pale pale karibu na Semliki, kulitoka mikuki ya mfupa ya kuvulia samaki ya miaka karibu 90,000. Hii yote ni mu Kivu ya Kaskazini na batoto betu hawaijue.

Mwalimu_Himbi (Goma)

Mzee asante sana, na wote. Nitabadilisha mupango: siku ya kwanza Sahara na Naqada, ya pili Merer na mawe yake, ya tatu Kushi, ya nne Ishango. Moja tu inabaki: nilisikia Farao mumoja aliandika barua juu ya Mumbuti (bale batu bafupi ba pori) toka mu pori yetu, ni kweli?

dada_Kadutu (Bukavu)

Barua iko kweli, imechorwa ku kaburi ya Harkhuf, Aswan. Farao Pepi wa pili alikuwa bado mutoto, anamuandikia Harkhuf mwenye anarudi toka inchi ya Yam na mutu mufupi mwenye anajua kucheza ngoma za miungu, anamuagiza batu bamulinde mu mashua asianguke mu maji, bamuangalie mara kumi kila usiku. Kama alikuwa Mumbuti ao mutu mwenye alizaliwa mufupi tu, bataalamu habakubaliane, na Yam yenyewe banabishana iko wapi. Wasomee batoto barua yote na uwaachie wabishane nao.