Mrejesho: GPS ya mkononi kupoteza setilaiti ndani ya Cessna 172

Asanteni sana wenzangu. Niliuliza kwa nini GPS ya mkononi inapoteza setilaiti ndege ikitoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Ngong. Kosa lilikuwa pale ilipofungwa, kwenye usukani: paa na bawa la juu viliikinga isione anga. Antena ndogo iliyo nje ya kifaa, juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele, imemaliza tatizo. Aliyenionya kuhusu dira, ubarikiwe! Sumaku ya antena ikiwa karibu, dira inakosea kwa nyuzi 15. Sasa antena iko upande wa pili kabisa, mbali na dira.

Chaja ya volti 12 pekee msiichomeke kwenye ndege ya volti 28. Inayopokea 12 hadi 32 inafanya kazi vizuri.

Tableti ya ramani bado ina tatizo. Kiooni juani inajizima kwa joto hata bila kava, kwa hiyo imehamia pajani, na ramani ya karatasi iko kando.