Hivi mtu mzima unaambiwaje upumue taratibu, na hela yako umelipa?

Wakuu, naandika nikiwa na tope mpaka magotini. Nipo kwenye gari nashuka kutoka Amani, mtandao unakuja na kuondoka, lakini hili haliwezi kusubiri nifike Muheza.

Yule jamaa mnamjua, simtaji. Yule wa kutembeza watu kuangalia ndege Usambara ya Mashariki, kofia ya kaki, darubini mbili shingoni, sijui ya pili ni ya jicho gani. Msianze kusingizia hifadhi, getini Sigi nimepokewa vizuri tu. Huyu ni wa kukodi.

Leo, mbele ya wageni, kanigeukia kidole mdomoni: "Kaka, samahani, unaweza kupumua taratibu? Ndege wanakusikia."

Kupumua! Nimepumua toka nizaliwe, hakuna serikali iliyowahi kunilalamikia.

Tumeamshwa saa kumi usiku, majogoo wenyewe wamelala. Tukaingizwa vichakani kumtafuta kibundi wa Sokoke. Dunia nzima yupo pwani ya Kenya, hasa msitu wa Arabuko-Sokoke, na huku chini ya Usambara, basi. Na kenyewe sentimita 16 hivi, rangi ya majani makavu, na mchana kamelala. Mtu unatambaa chini ya miiba kwa tumbo ili ukaone kitu kimelala, halafu usiheme?

Tukawakuta wawili, bega kwa bega kwenye kitawi cha usawa wa kifua. Wa kushoto akafungua jicho la njano robo, akatuangalia, akalifunga. Akaendelea kulala! Bundi mwenyewe hana malalamiko, wewe ni nani? Hapo ndipo "kaka, samahani, unaweza kupumua taratibu". Pembeni yangu mama wa Kizungu anafungua biskuti, krr krr krr, hakuambiwa kitu. Mimi nimevuta hewa ya Mungu.

Tukapandishwa juu kutafuta kale kandege kenye mdomo mrefu kanakojificha kwenye mitambaazi, ambako kapo huku na kaskazini mwa Msumbiji tu. Hakakutokea. Jamaa hakusema neno. Aliniangalia pua.

Kuanzia 1902 Wajerumani wamefanya utafiti pale Amani, mpaka reli wakajenga ifike Sigi. Sina shaka walikuwa wanapumua.

Chaza wa Pangani: Pole mkuu. Ila swali la msingi, unapumuaje?

Fundi Redio: Mimi nimeanza kumsikia tangu aya ya pili.

Mama Mwantumu: Kwetu bundi ni uchuro. Umeamka usiku wa manane, ukalipa, ukatambaa kwa tumbo kumfuata bundi kwake. Mkosi ulitaka ukukute wapi tena?

Kibuyu Kikavu (mleta uzi): Shikamoo mama. Lakini uzi unahusu mimi kukatazwa kupumua.

Mama Mwantumu: Marahaba mwanangu. Hukukatazwa, umeambiwa taratibu. Umeandika mwenyewe hapo juu.

Dereva Mstaafu: Huyo namjua sana, na wewe una nafuu. Mimi alinivua shati jekundu eti ndege wanaliona, nikamaliza msitu na singlendi. Siafu wakanipandia ndani ya suruali, nikapiga yowe, kaniambia nimemfukuzia hondohondo. Hondohondo! Ndege akiruka mbawa zinasikika kijiji cha pili, leo anaogopa yowe langu?

Fundi Redio: Shati jekundu msituni nalo, mzee wangu. Ulikuwa unaenda mpirani?

Dereva Mstaafu: Ndilo lililokuwa safi.

Kichwa cha Samaki: Nyie mmeona ndege, mshukuru. Sisi tulipelekwa Kizimkazi kuona pomboo. Maboti yote ya dunia yanamkimbiza pomboo mmoja. Nilichoona ni mkia na moshi wa injini, halafu nahodha anageuka, "mmemwona eeh?" Tumemwona nani?

Fundi Redio: Pomboo alikuwa anakimbia pumzi za mleta uzi.

Kibuyu Kikavu (mleta uzi): Wakuu turudi kwenye mada. Mbele ya wageni. Kidole mdomoni.

Chaza wa Pangani: Kwa kuwa mmegusa darubini, ninayo moja nauza, 8x42, mkanda wake upo. Lenzi ya kulia ina ukungu kidogo. Wa Tanga mjini nakuletea.

Dereva Mstaafu: Msinunue kitu kwa huyu! Mimi aliniuzia simu, "kioo kina mkwaruzo kidogo". Nimefika nyumbani haisikii kidole upande mzima wa kushoto, herufi A siipati.

Chaza wa Pangani: Si uliishika mwenyewe, ukaijaribu, ukasema sawa?

Dereva Mstaafu: Nilijaribu kupiga, sikuandika barua.

Kibuyu Kikavu (mleta uzi): "Ndege wanakusikia." Jamani.

Kichwa cha Samaki: Chaza, hiyo darubini baharini inafaa? Na bei ya mwisho?

Mama Mwantumu: Kabla ya bei, na mimi nisaidieni. Friji niliyouziwa mkononi inatoa maji chini usiku kucha, aliyeniuzia hapokei simu.

Fundi Redio: Mama, inagandisha au haigandishi kabisa?