Naomba ushauri: GPS ya kunionyesha njia Dar hadi Bukoba, ninunue kifaa au simu inatosha?

Mama Pacha
Wakuu, habari za jioni. Mwaka jana niliagiza kigari kutoka Japani. Chenyewe hakina shida, ila ile skrini ya katikati kila nikiwasha kuna dada ananisemesha Kijapani, na kwenye ramani mshale wangu unaelea kwenye weupe mtupu.

Mwezi wa 12 naenda Bukoba na watoto. Napita Dodoma, Singida, nalala Mwanza kwa wifi yangu, kisha Geita, Biharamulo hadi nyumbani. Ni zaidi ya kilomita 1,400, na mimi sijawahi kuvuka Morogoro nikiwa nimeshika usukani mwenyewe. Mume wangu naye hana leseni, kazi yake ni kulala na kuuliza tumefika wapi. Kurudi nataka nipitie Arusha kwa dada.

Fundi wa Kariakoo anataka aing'oe hiyo redio aniwekee ya Android, laki nne na nusu pamoja na ufundi. Jirani anasema ninunue Garmin, kile kifaa maalumu cha GPS. Mdogo wangu anasema simu inatosha. Kwenye simu naogopa bando kuisha au mtandao kukata porini, nikabaki sijui niko wapi. Mnanishauri nini?

Kijana wa Mbagala
Weka GPS ya laini dada. Gari ikiibiwa unaizima kwa meseji tu. Yangu ina mwaka wa tatu.

Nyaya Nyekundu
Mkuu hapo juu, hiyo ni ya kumsaka mwizi. Dada anatafuta ya kumwonyesha njia.

Mama Pacha, nikutoe hofu ya bando kwanza. Simu kujua ilipo haihitaji bando. Inapokea mawimbi ya setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,000, na simu za sasa hazitegemei zile za Marekani peke yake, zinasoma pia za Urusi, Ulaya na China. Kinachokula bando ni picha ya ramani yenyewe. Ukiipakua nyumbani kwenye Wi-Fi, porini utaona mshale wako unatembea barabarani hata laini ikiwa haina salio.

Kwenye Google Maps gusa picha yako juu kulia, utaona sehemu ya ramani za nje ya mtandao. Chagua eneo, pakua. Safari yako ni ndefu, kwa hiyo pakua vipande kadhaa na uhakikishe vinapandiana. Ila ujue, bila mtandao itakuonyesha njia ya gari tu, haitakuambia foleni wala kukupa njia mbadala. Na ramani hizo zina muda, usipozihuisha zinaacha kufanya kazi.

Ndiyo maana mimi naweka na ya pili, Organic Maps. Ni ya bure, haina matangazo, imeundwa kufanya kazi bila intaneti. Inatumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kawaida ndio wanaoichora. Kwa Dar iko vizuri sana kwa sababu ya mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo walizunguka mitaani na wenyeji wakichora hadi mitaro. Vijijini inategemea kama kuna mtu aliyejitolea.

Jambo dogo: washa programu ukiwa bado uani, subiri mshale utulie ndipo uondoke. Bila data simu huchelewa kidogo kuzikamata setilaiti.

Semi Traila
Nimeendesha malori miaka 19. Simu iwe nayo, sikatai. Lakini haitakuonyesha kila kibao cha 50 kijijini, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo amekaa chini ya mwembe anakusubiri. Elfu 30 kila kosa. Ukiingia kijijini angalia barabara, usiangalie simu. Na usiishike mkononi, hilo nalo ni kosa. Ukipita ndani ya hifadhi yoyote punguza mwendo hata kama mshale unakuambia barabara ni nyeupe. Ukimgonga mnyama unamlipia.

Binti Kagera
Sasa suala la Garmin. Si kifaa kibaya, hasa kwa wanaoendesha watalii. Wao wanaiwekea ramani za Tracks4Africa, zina njia za porini hadi maeneo ya kambi. Wewe unapita lami mwanzo mwisho, utakuwa unalipia usichokitumia.

Halafu kuna hili la ramani kuzeeka. Ukiuziwa kifaa cha mtumba chenye ramani ya 2019, ukitoka Mwanza kitakupeleka Kigongo ukapange foleni ya kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, unavuka kilomita tatu za maji bila kushuka kwenye gari. Kabla ya kununua chochote, kiambie kikupeleke Sengerema kutoka Mwanza. Kikitaja kivuko cha Kigongo, mrudishie mwenyewe.

Mzee wa Usa River
Kwenye kurudi kuwa makini sana. Ukiandika Mwanza hadi Arusha, programu inaweza kukupitisha Serengeti na Ngorongoro kwa sababu ndiyo fupi. Utafika getini na watoto wamechoka, udaiwe viingilio vya hifadhi mbili, vya watu na vya gari, na barabara ya vumbi iko mbele yako. Pita Shinyanga, Nzega, Singida, Katesh, Babati. Iandikie mji kwa mji, isikuchagulie.

Nyaya Nyekundu
Umenikumbusha mzee. Programu inatafuta njia ya haraka, haina habari na mfuko wako.

Kuhusu redio ya Android: mimi nimezifunga nyingi. Kuna waya wa antena ya GPS, mwisho wake kidude cheusi cha mraba. Kikae juu ya dashibodi, chini ya kioo. Mafundi wavivu wanakizika nyuma ya redio kati ya mabati, halafu mteja anashangaa gari lake liko baharini. Na bado utaiwashia hotspoti ya simu hiyohiyo. Ukiamua kubaki na redio ya Kijapani, ile kadi ya ramani usiitoe. Nyingi, betri ikichomolewa, hazifanyi kazi mpaka zione kadi yake.

Mama Pacha
Asanteni sana wakuu. Fundi nimemwambia asubiri. Nimenunua kishikio cha kubana kwenye tundu la AC, maana juu ya dashibodi jua lilikuwa linaichemsha simu mpaka inajizima, na chaja ya gari yenye matundu mawili.

Jumamosi nimejaribu: nimezima data Tegeta, nikaenda Bagamoyo, Msata hadi Chalinze. Google haikunipoteza hata mara moja. Organic ilinipeleka vizuri ila majina ya vituo vya mafuta mawili yalikuwa ya zamani.

Mzee wa Usa River, swali la mwisho: Singida hadi Babati usiku kukoje, au nilale Singida?

Mzee wa Usa River
Lala Singida mwanangu. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, uuone Mlima Hanang ukiwa umeamka.